Kengele ya Watu Wawili

Ukiitwa na mtu wa nyumbani kwako, sauti ukaisikia vizuri na mwenyewe ukamjua, huwa unaitika mara ya ngapi?

Usijibu haraka. Wapo watakaosema mara ya kwanza, na hao siwaamini. Wengine watasema wanangoja mpaka ya tatu, kwa kuwa tangu utotoni tuliambiwa anayeita mara moja huenda si mtu. Kisingizio kizuri sana. Kimewaokoa wengi na kazi ya kuinuka kitini.

Dutwa, nyumba ya nne ukitoka barabara ya Lamadi, waliishi watu watatu. Nyanjige, mjane mwenye shamba la pamba na magoti mabovu. Binti yake Esteria, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari mjini Bariadi, aliyekuja nyumbani kila likizo na kila likizo akaikuta nyumba imekuwa ndogo zaidi. Na Luhaga, kijana wa miaka kumi na tisa, aliyezaliwa na ugonjwa wa damu wa selimundu.

Nyanjige hakuwahi kumwita Luhaga mwanangu. Alimwita Guku, yaani babu, kwa sababu mtoto alipewa jina la baba yake Nyanjige, na katika ukoo ule anayepewa jina la marehemu huamkiwa kama marehemu. Akikohoa, wanasema mzee anakohoa. Akikataa uji, wanakumbushana kwamba mzee naye hakupenda uji. Esteria aliliona jambo hilo kuwa la kuchekesha. Alipokuwa chuo kikuu alilieleza mbele ya darasa kwa Kiingereza kizuri, wakampigia makofi, akarudi kukaa.

Luhaga alifariki tarehe nne Juni, saa tisa na dakika chache mchana, juu ya lundo la pamba.

Msimu wa mavuno nyumba za huku huwa hazina vyumba, zina maghala yenye vitanda. Chumba cha Luhaga ndicho pekee kilichokuwa na sakafu ya saruji isiyo na ufa, kwa hiyo pamba ilimwagwa humo, na yeye akaliacha godoro akahamia juu yake. Alisema haimuumizi mifupa. Alilala hapo mchana kutwa, kompyuta ya zamani ya dada yake ikiwa tumboni, akicheza mchezo wa Wajapani.

Siku ile Nyanjige alikuwa ghala la ushirika kupimisha mzigo wa kwanza. Nyumbani alibaki Esteria peke yake, sebuleni, ukuta mmoja tu kutoka kwa mdogo wake. Mama aliporudi, mtoto alikuwa amekwisha kupoa. Na kabla hajalia, kabla hata hajaketi chini, aliuliza neno moja.

"Hakuita?"

"Hakuita, Mayu," Esteria alisema, kwa maana Mayu ndiye mama. "Alilala tu."

Swali hilo lilikuwa na sababu. Mara nne huko nyuma maumivu yalimkamata Luhaga ghafla, mara nne akaita, na mara nne zote walimpakia kwenye pikipiki ya jirani wakamwahisha hospitalini Bariadi. Kwa hiyo jibu lile la Esteria ndilo lililomsimamisha Nyanjige msiba mzima. Aliwaambia wanawake waliokuwa wakimenya viazi, akamwambia katekista, akamwambia hata mchimba kaburi ambaye hakuuliza. "Hakuita. Alilala tu kama mtoto mchanga." Watu wakamwambia hiyo ni neema. Yeyote aliyewahi kuuguza selimundu anajua kwamba haiui kimya kimya namna hiyo, lakini nani atakwenda kubishana msibani?

Wiki tatu zikapita. Halafu likaonekana shimo.

Pamba ya ndani hugeuzwa kwa mikono ili isishike joto, na Nyanjige aliigeuza kila asubuhi. Jumatatu moja alasiri aliingia kuchukua jembe, akakuta katikati ya lundo pamebonyea, urefu wa mtu aliyekunja magoti. Akadhani ni paka. Akapasawazisha. Kesho yake asubuhi palikuwa sawa, lakini ilipofika saa tisa mchana pakawa pamebonyea tena, na safari hii akainama akaweka kiganja.

"Esteria," aliita kwa sauti ya chini. "Njoo uguse."

Esteria alikuja hadi mlangoni. Hakugusa. Harufu ya dawa ya kuchua, ile kali ya kwenye kopo la kijani waliyokuwa wakimpaka Luhaga miguuni, ilikuwa imejaa chumba kizima, na kopo lenyewe lilizikwa naye.

"Pamba hupata joto yenyewe, Mayu. Ni unyevu."

"Unyevu una viwiko?"

Esteria akatazama. Kweli, palikuwa na vijishimo viwili vidogo, kama mtu alikuwa ameegemea akishika kitu tumboni. Nyanjige akabaki amechuchumaa pale na mkono wake ndani ya lile joto. Baadaye akasema, si kwa hofu, kwa aina ya adabu:

"Nionyeshe alikokuwa anakwenda."

"Wapi?"

"Huko kwa Wajapani. Miezi miwili yote alikuwa anakaa huko zaidi ya hapa. Nami nataka kupaona."

Ni haki niseme jinsi ile habari ilivyoanza. Mwezi wa nne Luhaga aliona picha za mchezo huo kwenye simu: mji wa mawe kando ya msitu, watu kutoka kila pembe ya Japani wakitembea humo kwa wakati mmoja, wakivua samaki, wakishona nguo, wakipigana na mazimwi. Mtu asiyeweza kufika sokoni kwa miguu yake alipaona pale pazuri mno. Tatizo ni kwamba mchezo ulitengenezwa na Wajapani kwa ajili ya Wajapani. Hakukuwa na neno la Kiingereza hata kwenye kitufe cha kutokea. Wageni waliotangulia walikuwa wameandika mwongozo kwa Kiingereza, ukurasa mrefu wa kumsaidia anayeanza, na Kiingereza cha Luhaga kiliishia kidato cha nne. Basi Jumapili dada yake akampigia simu kutoka Bariadi, akamsomea. Mjapani alikuwa ameandika, Mzungu ametafsiri, Esteria akaitafsiri tafsiri, na Luhaga akabonyeza. Si ajabu siku ya kwanza alijikuta amejisajili kama bibi wa miaka themanini.

Mwongozo ulisema mambo manne. Chagua dunia moja kati ya kumi, uchague yenye watu wanaowavumilia wageni. Andika jina kwa herufi zao, na ukumbuke jina moja ni la mtu mmoja, halirudiwi. Kila anayezaliwa mchezoni huanzia kisimani, katikati ya mji. Na geti la mashariki, ambalo ndilo njia ya kutokea kwenda kwingine kote, halimfungukii mtu mmoja. Pana kengele kubwa, na lazima wawili waipige kwa pamoja.

Luhaga alifika getini siku ya nne. Akampigia dada yake, akamwomba naye ajisajili kwa simu yake, waje watoke pamoja. Dada akajisajili. Akasema, "Nisubiri hapo hapo, nakuja." Alisema hivyo mwezi wa nne wote, akasema mwezi wa tano wote. Kulikuwa na mitihani, mtandao, kichwa kinauma. Luhaga hakununa. Alisubiri.

"Siwezi kuingia kwa jina lake," Esteria alimwambia mama. "Nywila amekufa nayo."

"Basi tuanze upya."

Wakakaa sakafuni, kompyuta juu ya debe, simu ya Esteria ikigawa bando. Mwalimu alielekeza kamera ya simu kwenye kioo, na programu ikageuza herufi za Kijapani kuwa Kiingereza kilichovunjika mbavu, naye akamgeuzia mama yake kwa Kiswahili.

"Wanauliza tunatoka mkoa gani."

"Simiyu."

"Simiyu haimo, Mayu. Kuna Hokkaido, kuna Aomori…"

"Weka hiyo ya kwanza. Tusiwachoshe."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Sasa unaniuliza nini, Esteria?"

"Jina."

"Luhaga."

Esteria akashusha simu. "Jina moja mtu mmoja. Lilishachukuliwa na yeye mwenyewe. Watalikataa."

"Andika. Hata yeye alipewa la mtu."

Ndani ya lile begi la kompyuta kulikuwa na daftari la Luhaga, na kwenye jalada amechora herufi tatu za Kijapani, akazirudia mstari baada ya mstari kama mtoto wa darasa la kwanza. Esteria alizitafuta moja moja akaziweka. Jueni hapa kosa lilipofanyika. Mwalimu mwenye shahada, aliyewahi kupigiwa makofi kwa kueleza nyumba yake hufanya nini na majina ya wafu, alilichukua jina la mfu mbichi akampa mtu mpya asiye na roho, huku mama mfiwa akiangalia. Alifanya hivyo kwa sababu alikuwa na hakika litakataliwa, na likishakataliwa atafunga kompyuta, na shughuli itakuwa imekwisha.

Jina likapita.

Kikatokea kiboksi kidogo chenye swali. Kamera ikatafsiri: *Umesubiri muda mrefu. Uendelee?*

"Wanasemaje?"

"Wanauliza kama tuko tayari."

"Tuko tayari," Nyanjige akasema, na Esteria akabonyeza ndiyo. Huo ukawa uongo wake wa kwanza wa Kijapani.

Hawakuzaliwa kisimani. Walitokea getini. Japani iko mbele yetu kwa saa sita, na saa tisa ya mchana wa Dutwa kwao ni saa tatu usiku, watu wametoka kazini, wameoga, mji umejaa; hata mchezoni ni usiku. Chini ya geti kubwa la mawe alisimama kijana mwenye koti la viraka, herufi zile tatu za jina zikielea juu ya kichwa chake, amewapa mgongo, na miguuni pake palikuwa na taa ndogo ndogo nyingi, na samaki, na maua. Mchezaji mmoja aliyeitwa Kaede alikuwa amechuchumaa akiweka taa nyingine. Akaandika, na kamera ikasoma.

"Anasemaje huyo binti?"

Hili Esteria alilitafsiri sawasawa, maana alikuwa hajapata akili ya kufanya vingine. "Anasema rafiki huyu amesimama hapa tangu tarehe nne mwezi wa sita. Hajibu. Wanamwekea taa ili asikae gizani."

Nyanjige alivuta pumzi. Akajisogeza mbele, akaufunga upya mtandio wake kama mtu anayeingia kwa wakwe.

"Mwadila, Guku," akamwamkia kwa Kisukuma.

Mikono ya Esteria haikuwa juu ya kompyuta. Hilo alilikumbuka vizuri baadaye. Mikono yake ilikuwa mapajani, na kijana wa kwenye kioo akageuka.

Tangu siku hiyo Nyanjige hakutaka kwenda shamba. Ilipokaribia saa tisa alichemsha michembe, vile vipande vya viazi vikavu, akaweka bakuli mbili, akakaa juu ya pamba kando ya lile shimo, akamwamkia mwanawe. Naye alikuwa anajibu. Maneno yalijitokeza chini ya kioo, Kijapani kitupu, na Esteria akaelekeza kamera, akasoma Kiingereza, kisha akafasiri.

*Dada, ulisema unakuja.*

"Anasema hajambo, Mayu."

*Dada, nilikuona.*

"Anasema amepumzika."

*Dada, yule uliyeondoka naye ni nani?*

"Anasema… anasema huko hakuna maumivu."

Nyanjige alikuwa hajui kusoma vizuri hata Kiswahili, ila macho yake yalikuwa ya mtu anayechambua pamba, anaona uchafu kutoka mbali. Siku ya sita akaweka kidole kwenye kioo.

"Maneno marefu yote haya ndiyo 'nimepumzika'?"

"Kijapani ni kirefu, Mayu."

"Na hivi vialama vya mwanzo, kila siku ndivyo hivyo hivyo. Ndiyo nini?"

"Ni salamu."

"Anamsalimia nani kila siku, mbona hanitazami mimi?"

 Kweli kijana wa kwenye kioo hakumtazama mama yake. Alimtazama aliyeshika simu.

Kisha kengele. Ilianza kulia na kompyuta ikiwa imezimwa, betri imeisha, waya umekunjwa juu ya kabati. Saa tisa kamili, kutoka ndani ya pamba, mlio wa kengele iliyopigwa na mkono mmoja: unaanza, unakatika, kama mtu aliyejaribu mlango akakuta umefungwa. Mbuzi wa jirani waliacha kula wakasikiliza. Esteria alijifunga kitambaa masikioni, na akagundua kwamba kitambaa hakisaidii.

Nyanjige alianza kuvimba vidole. Kisha viwiko. Alipoulizwa alisema, kwa fahari ya kutisha, "Yananiuma kule kule alikokuwa anaumwa." Michembe hakuila tena. Mashavu yakaingia ndani, macho yakawa ya manjano kama ya mwanawe, na siku ya kumi akamwambia Esteria jambo alilokuwa amekwisha kuamua.

"Kengele ni ya watu wawili. Aliniambia mwenyewe akiwa hai. Maskini, anamsubiri wa pili."

"Mayu…"

"Kuna kitufe. Kile kirefu cha chini. Alinitajia. Kesho nitakibonyeza mimi, tutoke naye."

"Mtoke kwenda wapi?"

"Nitajua nikifika," alisema Nyanjige, akajilaza ndani ya shimo. Lilimkaa sawasawa.

Asubuhi Esteria alipanda bodaboda hadi Nkololo. Mwalimu, Mkatoliki, mwenye kadi ya kwaya pochini. Alimkuta mganga Minza akiosha pikipiki yake mwenyewe, mwanamke mnene mwenye buti za mpira, asiye na hirizi hata moja mwilini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mgonjwa au mapenzi? Mapenzi sifanyi siku ya kazi."

Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuosha. Akavaa koti, akachukua kifaranga mmoja kwenye tenga, wakaja Dutwa.

Alizunguka chumba mara moja. Akanusa. Akamtazama Nyanjige aliyekuwa amelala shimoni anatetemeka kwenye joto la mchana, kisha akamsukumia Esteria kifaranga.

"Mtemee mate, nimpasue nimsome."

Esteria akafungua mdomo. Hakukuwa na mate. Akajaribu tena, ulimi ukagonga kaakaa kama kijiti.

"Haya, basi," Minza akasema, akamrudisha kifaranga mfukoni mwa koti. "Nimeshasoma."

"Hujampasua hata…"

"Mwalimu, kuku ni wa wateja wenye haya. Mimi nilikuwa naangalia mdomo wako." Akamvuta hadi kizingitini, akanong'ona. "Yule si mdogo wako. Mdogo wako alizikwa, mapadri wakamwombea, kaenda. Lakini kuna viumbe vinavyozurura vikitafuta pa kukaa, na vinachopenda kuliko damu ni mwito ambao haukuitikiwa. Mtu akiita na asipoitikiwa, ule mwito hauozi. Unabaki pale pale ulipoangukia. Hilo jini limeukuta humu, likaishi ndani yake, halafu ninyi mkalipatia na jina. Sasa lina sauti na lina jina. Likimpata wa pili, litatoka naye."

"Lifukuze. Nitakupa chochote."

"Sina dawa yake. Nikichoma ubani hapa nitakuwa nakufurahisha tu." Akamtazama machoni. "Dawa yake ni aliyeitwa aitike. Na akiitika, aseme ukweli alikuwa wapi. Akidanganya tena, litashiba zaidi. Nani aliitwa, mwalimu?"

"Hakuita," Esteria alisema. "Alilala tu."

Minza akatikisa kichwa polepole, si kwa hasira, bali kama mtu anayemwona mwenzake akinywa maji machafu. Kutoka ndani Nyanjige akauliza kwa sauti ya usingizi, "Mnaongea nini na Guku wangu?" na saa ya ukutani ikawa imefika tisa kasoro dakika moja.

Hawakuwasha kompyuta. Iliwaka yenyewe. Jua lote la Dutwa lilikuwa juu ya bati, kuku wamejikunyata chini ya mkokoteni, na ndani ya chumba kile kukaanza kuingia giza ambalo halikupita dirishani wala mlangoni bali lilitoka kwenye kioo, giza la saa tatu usiku la kwa watu wengine, likatambaa juu ya pamba na kuifanya ya buluu, na harufu ya dawa ya kuchua ikapanda mpaka machozi yakawatoka wote watatu, na pembeni ya Nyanjige pamba ikaanza kutitia polepole, kwanza kiuno, kisha mabega, kisha mahali pa kichwa, kama mtu anayejilaza kwa uangalifu akiogopa kuumia. Kwenye kioo kijana wa koti la viraka alisimama na mkono mmoja kwenye kamba ya kengele. Taa zote miguuni pake zilikuwa zimezimika. Kamba ya pili ilining'inia wazi.

Nyanjige akainuka kwa viwiko vyake vilivyovimba, akajikokota hadi kwenye debe. Akanyoosha kidole.

"Mayu, usibonyeze!"

"Ananiita."

"Hakuiti wewe!"

Kidole kikasimama juu ya kile kitufe kirefu. Nyanjige akageuza uso wake uliokonda, akamtazama binti yake, na hapo, kutoka ndani ya pamba, si kwa Kijapani wala Kiingereza bali kwa sauti ya kijana wa Dutwa mwenye koo kavu, pakasikika mwito.

"Dada."

Esteria alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, ule ule uliotenganisha chumba na sebule. Minza alikuwa mlangoni, hakuja kumsaidia. Alisema tu, "Aliyeitwa aitike."

"Dada."

Sauti ya pili ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza, na Esteria aliijua, alijua hata inapokatika na kwa nini, kwa sababu kwa wiki tano alikuwa ameisikia akiwa bafuni, akiwa kanisani wakati wa kukomunika, akiwa katikati ya kumwambia mtu fulani kwamba neema ya Mungu ilimchukua mdogo wake usingizini. Kidole cha mama yake kilikuwa kinashuka. Na alifahamu, kama mtu anavyofahamu hesabu, kwamba akinyamaza atabaki na heshima yake, na nyumba tupu.

"Dada."

"Abee," alisema Esteria.

Pamba ikaacha kutitia. Nyanjige hakukiondoa kidole, wala hakukishusha.

"Abee, Luhaga. Nipo." Akakaa sakafuni, macho yake si kwa lile shimo bali kwa mama yake. "Mayu, aliita. Siku ile aliita. Mimi nilikuwa sebuleni na simu, nimeingia mchezoni, nilikuja kweli siku ile, nilitaka kumshtukiza. Nikamkuta getini. Nikamgusa, hakusogea. Nikamwandikia, hakujibu. Nikadhani amenuna kwa kuwa nimechelewa miezi miwili. Kumbe alikuwa hawezi kushika kitu. Akaja yule Kaede, akauliza kama nataka kutoka, nikasema basi, kama mwenzangu ananuna. Tukapiga kengele, mimi na mtu nisiyemjua, Luhaga akiwa amesimama pale pale anatuangalia tunaondoka. Ndipo akaita. Mara ya kwanza nikasema huo ni wivu. Ya pili nikasema akome. Ya tatu, Mayu, haikuwa sauti ya kununa, niliijua, ni ile ile ya siku za hospitali. Pikipiki ya jirani ilikuwa pale nje. Nilimsikia, Mayu. Nilimsikia mara zote tatu, nikaongeza sauti ya simu."